Kibofu cha Mgombea

Jumatatu, 7 Juni 1976

Baridi kali hapa Msanzi. Nimesimama chooni hadi kengele ya shamba la ujamaa ikagongwa. Matone matatu! Nikikazana, hakuna. Nikikata tamaa na kufunga suruali, linatoka la nne, ndani ya suruali. Hali hii tangu Pasaka. Mke wangu Klementina anasema niende zahanati. Wiki hii? Jumamosi tunachagua mjumbe wa nyumba kumi, na wagombea ni mimi na Polikarp. Watu wakisikia watasema nimeokota ugonjwa wa zinaa Kasanga, ninakofuata samaki wa ziwani, migebuka. Nitakuwa nimekwisha.

Jumanne, 8 Juni

Nimepata akili. Nimekwenda zahanati kama msamaria, si kama mgonjwa. Nikamwambia mganga, Bwana Lutengano, kijana wa Mbeya asiyejua mzaha, kwamba jirani yangu anapata shida ya kukojoa. Akaeleza taratibu. Kwa wanaume wa rika letu mara nyingi ni tezi lililo chini ya kibofu. Linakua, linabana njia. Au ni kovu la kisonono cha zamani, au mawe kibofuni, au hata kufunga choo. Vidonge vya mafua navyo vinaweza kuziba mkojo. Ukigoma kabisa, mtu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kisha akashika kalamu, akataka jina la jirani. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema Polikarp.

Njiani nikaona kumbe ni mkakati mzuri. Nani atamchagua mgonjwa?

Alhamisi, 10 Juni

Lutengano alifunga safari hadi kwa Polikarp! Nilitegemea matusi. Polikarp akaenda akapimwa, akatoka na karatasi ya afya njema. Sasa anawahimiza wanaume wote shambani wakapimwe. Wanamsifu. Mimi nimeshikwa na mafua. Nimemeza vidonge vinne badala ya viwili. Najua mganga alivitaja, lakini alikuwa anazungumzia ugonjwa wa Polikarp.

Jumamosi, 12 Juni (nimeandika baadaye, hospitalini)

Asubuhi halikutoka hata tone. Nikaenda hivyo hivyo. Kwetu mgombea husimama mbele, wanaomtaka wanajipanga nyuma yake. Mstari wangu ulikuwa mrefu kuliko wa Polikarp, naapa. Katibu wa kijiji akahesabu, akakosea, akaanza upya. Tumbo limekuwa gumu kama ngoma. Nikaomba dakika moja, nikaingia kichakani. Nikakazana. Hakuna! Mstari usio na mgombea hauhesabiwi. Nikawaona kupitia matawi, watu wangu wanahamia kwa Polikarp mmoja mmoja, Klementina wa mwisho. Maumivu yakaniangusha.

Aliyenifuata ni Polikarp. Aliniuliza, “Ndugu Evaristi, kwa nini hukusema ni wewe?”

Nililia. Niliona aibu ya kweli. Akasimamisha lori la mahindi, akapanda nami nyuma hadi Sumbawanga, kichwa changu mapajani mwake.

Jumatano, 16 Juni

Wamenitia mpira, mkojo unashuka wenyewe kwenye chupa. Raha yake siwezi kuieleza. Daktari anasema ni tezi, na kwamba ningechelewa zaidi figo zingekufa. Atanipasua Jumamosi. Nimeapa mbele yake kwamba sitaficha tena kitu. Mchana amekuja Klementina na habari. Polikarp amekabidhiwa ghala la kijiji, hawezi kushika vyote viwili. Watu watajipanga upya Jumamosi hiyo hiyo, na mgombea pekee ni jirani yetu Adolfu.

Nimewaza kwa makini. Nimemwomba nesi ampe mzee wa kitanda cha jirani nafasi yangu ya kupasuliwa, kwa huruma tu. Lori la kwenda Msanzi linaondoka Ijumaa. Koti langu ni refu, chupa haitaonekana. Adolfu ana kibofu kidogo, kila mtu anajua. Mimi safari hii wahesabu wanavyotaka. Nitasimama hadi jioni.