Ombi la Kufungiwa Anga Juu ya Mkeka Wangu

Juru, Nakivale
24 Machi 2011

Mheshimiwa Mkuu wa Makazi ya Wakimbizi,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni Constance Mukamazimpaka, mjane na mkulima, nisiyewahi kukusumbua tangu uje. Naomba utangaze marufuku ya kuruka juu ya kiwanja changu, kama ile ya Libya ambayo redio inaieleza asubuhi na jioni. Najua njiwa si ndege za kivita. Lakini njiwa kumi na mmoja wa jirani yangu, Shemasi Appolinaire, wanamaliza mahindi ya mbegu niliyoanika mkekani. Mvua iko njiani, na mbegu nyingine sina. Nina hasira mpaka chai hainishuki.

1. Sheria yataka onyo kabla ya risasi. Nimeonya siku nne kwa sufuria na mwiko. Sasa wakisikia mlio ndipo wanakuja, wakidhani chakula kimeiva.

2. Anga hulindwa kwa rada. Nimemweka mama mkwe, Nyirabahire, kwenye kigoda. Anaona mbali sana, ila akishiba anasinzia, na adui ameshajua saa zake.

3. Marufuku huruhusu ndege za misaada. Shemasi ameshika hapo hapo: eti njiwa ni wa Roho Mtakatifu, wana kibali. Nilipolalamika akanijibu kwa Kiswahili cha Kongo, "Mama Eliane, njiwa haijue mipaka ya batu." Msaada gani huo unaokuja na tumbo tupu na kuondoka umeshiba?

4. Nasikia kabla ya doria, viwanja vya ndege vya adui hupigwa kwanza. Sitaki damu. Banda la njiwa liko juu ya paa lake. Naomba tu ngazi iondolewe, shemasi akiwa bado juu.

5. Doria si lazima iwe ya jeshi. Kama Mbarara hakuna ndege ya ziada, bodaboda mmoja wa Kakoba mwenye honi kali atatosha, auzunguke mkeka tangu asubuhi hadi saa kumi.

Uwasalimie mama wa nyumbani, watoto, makarani wote na askari wa getini.

Ni mimi, raia mtiifu wa nchi kavu,
Constance Mukamazimpaka

Nyongeza: Barua hii imekaa siku tatu ikimngoja wa kuipeleka. Katika siku hizo njiwa wote wamehamia kwangu darini, na wawili wametaga. Nimefurahi mno. Tafadhali futa marufuku. Mbegu zilizobaki nimewamwagia zote, maana mwenye mayai hafai kushinda njaa. Za kupanda, nimemtuma binti yangu Eliane akaombe kwa shemasi.