Malalamiko Kuhusu Majani Makavu Yaliyoondolewa Nyuma ya Nyumba Yangu

Ndugu Ofisa Misitu,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na kikosi chako chote cha reki na mapanga. Mimi ni seremala wa nyumba ya mwisho, ile inayopakana na msitu wa misonobari. Mtaani wananiita Fundi Kesho, na sababu zake hazihusiani na barua hii.

Jumatatu iliyopita kikosi chako kilifika kwangu saa mbili asubuhi. Kiongozi wake, mama mmoja mwenye kofia ngumu na sauti ya upole, alinieleza kwamba msitu umejaa majani na matawi makavu, na moto ukizuka utakuja mbio mpaka kwenye mapaa yetu.

"Moto nao hula, baba," aliniambia. "Sisi tunaupunguzia chakula."

Nikamjibu kwamba nimeishi hapa miaka kumi na tisa na moto haujawahi kunibishia hodi. Hakubishana. Alinipa karatasi nisaini, nikasaini, kwa kuwa sikuwa na miwani na niliona aibu kusema. Kwa hiyo naleta malalamiko yangu, kwa unyenyekevu:

1. Majani. Nyuma ya nyumba palikuwa na majani makavu ya kufika gotini, ambayo kwa miaka mingi niliacha kuyafagia kwa makusudi. Mke wangu ana neno jingine, fupi zaidi. Majani yale yalikuwa mlinzi wangu. Mteja akipitia huko kuja karakanani kuulizia kabati lake, nilisikia mchakacho wa nyayo zake tangu mbali, nikawahi kutorokea mlango wa mbele. Tangu yazolewe nimeshakutwa mara tatu. Mwalimu mkuu alinikuta nimelala juu ya meza yake mwenyewe, aliyoiagiza mwaka juzi.

2. Matawi ya chini. Yamekatwa yote mpaka juu ya kimo cha mtu, ati moto usipate ngazi ya kupandia. Matokeo yake, mama mkwe wangu anayeishi kule mlimani anaiona karakana yangu yote kutoka barazani kwake. Kila jioni humpigia simu binti yake kumpa taarifa ya kazi niliyofanya. Simu hizo hazichukui muda.

3. Rundo la mbao. Hili, Ndugu Ofisa, limeniumiza. Mwaka tuliooana nilimwahidi mke wangu kitanda. Kila alipouliza, nilimwonyesha lile rundo ukutani nikasema mbao bado zinakauka. Vijana wako walilihamisha hatua thelathini kutoka nyumbani, ubao mmoja mmoja, mbele ya macho yake. Akaja akazigonga kwa kidole. Zililia kavu kama ngoma. Akaniangalia, akarudi ndani. Afadhali angenifokea.

4. Usafi wenyewe. Ule ukanda mtupu wa mita kumi mliouacha kati ya nyumba na msitu umependeza mno. Wapita njia wananisifu. Kamati ya mtaa imenitangaza kuwa kaya ya mfano na kuniletea kazi ya madawati ishirini, ikiamini kwamba mtu mwenye uwanja kama huu lazima awe mchapakazi. Sifa zisizo zangu zitaniua kabla ya huo moto wenu.

Kwa hiyo naomba majani yarudishwe, kila jani chini ya mti wake. Matawi yafungwe tena mahali pake. Kamba nitatoa mimi. Mbao ziloweshwe. Na kaya zote arobaini za mtaa wetu zitangaziwe rasmi kwamba habari za moto ni uvumi, ili kila mtu arudi kwenye uchafu wake kwa amani.

Wasalimie wote ofisini, dereva wa lori, na mama mwenye kofia ngumu, ambaye sina ugomvi naye binafsi.

Ni mimi, mnung'unikaji mwenye nidhamu,
Seremala wa nyumba ya mwisho

Baada ya sahihi: Barua hii niliiandika mara saba, kwa kuwa mwandiko wangu ni mbaya. Jana mchana nilizipeleka zile sita zilizoharibika nyuma ya nyumba nikazichoma. Upepo ukanyanyua karatasi moja inayowaka, ukaivusha ukanda, ukaitupa kwenye nyasi za msituni. Nilipokwenda kuikanyaga, nyasi zilikuwa zimeshashika. Kisha upepo ukageuka, na moto ukaanza kurudi kwetu.

Mama mkwe aliuona kutoka mlimani, akapiga simu mtaa mzima. Watu walikuja na ndoo na majembe. Moto ulifika kwenye ukanda wenu, ukazunguka huku na huku, ukakosa cha kula. Haukupanda mti hata mmoja. Tuliuzima kwa muda usiozidi nusu saa.

Mke wangu alikuwa ndani, amelala na homa tangu asubuhi. Nimejaza kurasa kwa ajili ya majani, na kwamba moto ungemkuta yeye ndani, hilo sikuliandika popote.

Yachukulie malalamiko yote kuwa yamefutwa. Barua naituma hivi hivi, kwa sababu jana yule mama wa kofia ngumu alipita akiuliza watu moto ulianzia wapi, na mimi nilisimama pale na ndoo mkononi, nikanyamaza. Ulianzia kwangu.