Wastani wa Shamba la Malolo

Kosa langu nalikiri mapema: niliwahi kusema Bwana Felisian hajui kilimo. Anajua sana. Mahindi ndiyo hayamjui.

Ni yeye, Mratibu wa Mpango wa Kijani cha Kasi, aliyetangaza kwa kipaza sauti pale Malolo kwamba njaa imefutwa rasmi. Dawa ni mikaratusi: mstari mmoja kila baada ya mistari miwili ya mahindi, hadi ukingoni mwa kisima cha Bi Sikudhani. Kukata mti marufuku, mpaka kwa kibali. Kibali hutoka kwa Felisian.

Mwaka wa tatu mikaratusi ikafika mita nane. Mahindi yakafika magotini, yakatulia hapo. Felisian akapima vyote viwili, akajumlisha, akagawa kwa mbili, akaandika: "Wastani wa urefu wa mazao: mita nne na robo." Mkoani wakapiga makofi.

"Mratibu, kisima kimekauka," Sikudhani akamwambia. "Miti yako inakunywa kama ng'ombe wa mnadani."

"Hakijakauka, mama. Maji yamepandishwa. Yako juu, kwenye majani."

"Basi nipe ngazi."

"Andika barua."

Akaandika tatu. Wanawake wakaanza kuteka maji mtoni, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Felisian akaripoti ongezeko la mazoezi kwa akina mama.

Ndipo ujumbe wa mkoa ukaja kuutazama huo wastani. Felisian alikuwa ameandaa mchele, mbuzi wawili na turubai. Alisahau kitu kimoja. Wageni wakashuka garini wana vumbi hadi kwenye kope, na huku kwetu mgeni hupewa kwanza maji anawe. Mkuu wa msafara akanyoosha mikono, akaiacha hewani, akisubiri.

Felisian akatimua mbio hadi kwa Sikudhani, aliyekaa barazani na wenzake, ndoo ya mtoni imejaa.

"Mama yangu, niokoe! Naaibika!"

"Maji si yako juu? Panda ukawachotee."

Wenzake wakaangua kicheko.

"Kibali nakusainia sasa hivi! Shamba zima!"

Akasaini, karatasi juu ya goti. Sikudhani akaisoma taratibu, akaikunja, akaitia kwenye pindo la khanga. Akachukua shoka. Wenzake wakachukua yao, na ndoo wakaenda nayo, maana wakataji hupata kiu.

Mti wa kwanza ukaanguka. Kule garini mikono ilikuwa bado hewani.

"Jamani, na ile ndoo?" Felisian akaita. "Hata kikombe kimoja tu?"

Mashoka yakaendelea.