Tochi Tisa Kabatini

Jumatatu, 3 Machi. Habari kubwa! Mwongozaji ametangaza kwamba baada ya onyesho la Jumamosi atamteua msimamizi wa jukwaa. Kiti chenye mgongo! Hedifoni masikioni! Kuamrisha pazia lipande na lishuke! Wanaofaa ni wawili tu: mimi, mtunza vifaa kwa miaka sita, na yule dada tunayemwita Sekunde kwa kupenda kwake kuangalia saa. Namshukuru Mungu kwa nafasi hii.

Tatizo ni tochi. Sekunde anayo moja, ndogo kama kalamu, ameibana kwenye kola. Leo mwigizaji kaangusha hereni chini ya ngazi. Sekunde kainama, kamulika, kaipata. Watu wakapiga makofi. Mimi nami nilikuwa natafuta kwa mwanga wa simu. Simu ikaita. Mama mkwe. Mazoezi yakasimama mpaka alipomaliza salamu.

Lazima nipate tochi.

Jumanne, 4 Machi. Mke wangu ni fundi cherehani, ana kitochi cha kutungia uzi. Kidogo kama kidole gumba, lakini kikiwaka utafunga macho. Nimemwomba. Amenipa, ila akanionya: "Baba watoto, kirudi kama kilivyo." Mke mwema kama huyu wako wangapi?

Nikasimama kando ya jukwaa, nikawasha kwa mbwembwe. Mwongozaji, aliyekuwa amekaa viti vya mbele, akaziba uso kwa viganja na kuuliza nani amechomozesha jua saa tano kasorobo usiku. Sekunde akaandika kitu kwenye daftari lake.

Mama Taa, fundi wetu wa taa, akanivuta pembeni. Ndiye aliyeniingiza kazini humu, hajawahi kunisimanga hata siku moja. Alikata kipande cha plastiki ya buluu, akakibandika kwenye kioo cha tochi kwa mikono yake, kama zilivyo tochi zao zote. Akanifundisha: nyuma ya pazia unamulika miguu, si nyuso. Mwigizaji anafuata doa la mwanga sakafuni, watazamaji hawajui kama upo. Nikamwambia ahsante, Mama. Moyoni nikajiuliza: kama watazamaji hawajui kama nipo, Mwongozaji atajuaje?

Jumatano, 5 Machi. Balaa, kisha heri, kisha balaa.

Nilikuwa juu ya ngazi nikitundika dirisha la mbao, tochi nimeibana kwa meno kama nilivyoona mafundi wakifanya. Mwongozaji akaniuliza kama dirisha limenyooka. Nikajibu ndiyo. Wenye tochi mdomoni hawajibu! Ikaanguka moja kwa moja ndani ya jagi la maji lililo mezani, jagi la onyesho, lenye shingo nyembamba. Haikuzimika. Jagi zima likawaka buluu.

Nikasubiri kufukuzwa. Mwongozaji akaegemea kiti, akasema hicho ndicho alichokuwa anakitafuta wiki nzima. Libaki hivyo hivyo! Akampongeza Mama Taa. Mama Taa, Mungu ampe maisha marefu, akasema wazo si lake, ni langu. Nikainama kwa unyenyekevu.

Balaa la pili: tochi ya mke wangu haitoki jagini, na inawaka tu usiku na mchana. Nimejaribu waya, koleo na kijiko. Nyumbani nimesema ipo kazini, jambo ambalo si uongo. Sasa sina tochi tena.

Alhamisi, 6 Machi. Usingizi ulinipaa, lakini alfajiri akili ikafunguka. Kama mimi sina tochi, kwa nini wengine wawe nazo?

Nimebandika tangazo stoo: tochi zote ndogo ziletwe kwangu kwa ukaguzi kabla ya onyesho. Wamezileta! Za wavuta pazia, za mafundi wa sauti, mbili za mpambaji, ile ya Mama Taa iliyochubuka rangi. Tisa jumla. Sekunde kaleta yake mwisho, kaifuta kwanza kwa leso. "Asante, kaka, kwa kutujali," akasema. Nikahisi kitu kama mwiba. Kikapita.

Nimezifungia kabatini. Jumamosi, dakika ya mwisho, watakapohangaika, nitatokea nazo na kuzigawa mbele ya Mwongozaji. Mpango usio na tundu!

Jumamosi, 8 Machi. Mwandiko nisameheni, naandika upesi.

Onyesho la saa tisa alasiri. Ukumbi umejaa. Lilikuwa la mwisho kwa Babu Ngurumo, mwigizaji wetu mkongwe, miaka hamsini jukwaani. Magoti yamechoka, macho hayaoni vizuri, sauti bado inatikisa viti. Binti yake na wajukuu walikaa mstari wa mbele.

Nami nikachelewa kuzigawa tochi. Mwongozaji alikuwa mlangoni akipokea wageni, asingeniona. Nikasema nitangoja mapumziko.

Tukiwa katikati ya sehemu ya tatu, umeme ukakatika. Mtaa mzima! Ukumbi wetu hauna hata dirisha moja. Giza totoro, isipokuwa vibao vya kutokea vinavyong'aa milangoni na lile jagi mezani. Na Babu yuko juu ya jukwaa dogo lenye ngazi tano zisizo na pa kushika, kasimama ukingoni kabisa. Nikasikia wenzangu wakipapasa makola na mifuko. Hakuna aliyekuwa na kitu, hata simu, maana tangu zile salamu za mama mkwe zinaachwa ofisini. Kila tochi ya nyumba ile niliifungia mimi.

Nikakimbilia kabati. Funguo zangu ni ishirini na mbili kwenye pete moja. Nilihitaji tochi ili nione ufunguo wa kabati la tochi! Nikajaribu wa kwanza. Wa pili. Jasho likanitoka. Huku nyuma nikamsikia mjukuu akiita, "Babu, usisogee!"

Aliyeokoa maisha ni Sekunde. Alitembea jukwaani mbele ya watu wote, akalibeba jagi, akapanda ngazi, akamulika miguu ya Babu na kumshika mkono. Watazamaji wakadhani ndivyo mchezo unavyokwenda. Nilichungulia, nikamwona mzee wa watu akipumua, nikarudi kwenye funguo.

Ufunguo wa kumi na saba ukafungua.

Nikatoka na tochi kwenye karai. Mama Taa akaliweka karai katikati yetu. Alituamuru tubandue plastiki za buluu, tusimame pande zote mbili, tumulike uso wa Babu kutoka ubavuni, tusimulike kutoka chini asije akafanana na mzuka. Watu tisa, tochi tisa, na Babu akaendelea. Sijawahi kumwona akiigiza vile. Dakika arobaini! Mkono wangu ukaanza kutikisika, na uso wa Babu ukatikisika nao. Mama Taa akaja akaweka bega lake chini ya kiwiko changu, akakaa hivyo hivyo mpaka mwisho.

Ukumbi ulisimama. Binti yake alilia, mimi nililia, tochi ikalowa.

Baadaye Babu akanishika kichwa kwa mikono miwili. "Mwanangu, bila wewe kuziweka mahali pamoja tungezipata wapi?" Nikafungua mdomo niseme ukweli. Sekunde alikuwa pembeni, anajua kila kitu. Akanitazama, akatazama saa yake, akasema ni muda wa kufunga ukumbi. Mungu ambariki yule dada.

Jumapili, 9 Machi. Nimemweleza mke wangu yote, na jagi pia. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akauliza kama mzee aliumia. Nikasema hapana. Akasema basi tushukuru. Tukashukuru.

Jumatatu, 10 Machi. Sekunde ndiye msimamizi wa jukwaa. Haki yake kabisa! Na jambo la kwanza alilofanya juu ya kile kiti chenye mgongo ni kuomba mimi niwe msaidizi wake. Nina bahati kuliko ninavyostahili.

Nimekaa, nimeyatafakari yaliyotokea, nimepata funzo langu. Vitu vikiwa mahali pamoja, mambo yananyooka. Babu mwenyewe kasema!

Hivyo leo nimeanza kazi kwa bidii. Nimezunguka jengo zima, nimekusanya utepe wa kunata wote wa kushikizia mandhari, roli kumi na nne, nimeufungia kwenye droo yangu. Sekunde atafurahi akigundua. Mandhari ya mchezo mpya yanaanza kusimamishwa Alhamisi saa nne asubuhi. Saa hiyo nitakuwa kwa daktari wa meno, lakini wasiwe na wasiwasi: ufunguo nitakuwa nao mfukoni.