Bonde la Kulipia

Jumatatu, 2 Machi

Simu ya Baba Bonge asubuhi, kabla sijaosha chupa za mtoto. Yuko njiani na lori lake, anarudi Jumamosi. Badala ya kuuliza mwanawe kaamkaje, kauliza chumba cha gemu kina watu. Nikamwambia kimejaa. Kilikuwa kimejaa kweli: mimi, Bonge mgongoni, na kinyozi wa mlango wa pili aliyekuja kuchaji simu.

Ndipo akatoa la moyoni. Wifi yangu, dada yake wa damu, kamwambia chumba kinaoza. Anakitaka aweke saluni ya kusuka. Baba Bonge kaamua kama hakimu: Jumamosi akikuta watu kwenye mabenchi, chumba kinabaki changu. Akikuta mabenchi matupu, runinga inahamia ndani na kioo cha wifi kinatundikwa.

Wifi! Anakuja kila siku kumbeba mwanangu, kumbe macho yako ukutani!

Lakini mimi si wa kulia. Shule niliiacha kabla haijaniacha yenyewe, ila akili ya biashara ninayo. Tatizo nimeshalijua. Watu wamechoka. Nina mashine moja na gemu mbili: mpira, na lile la farasi, ambalo shujaa anazunguka na upanga kumtafuta mfalme mbaya. Watu wanataka jipya. Na jipya lipo! Mashine yenyewe imenionyesha. Gemu la farasi lina nyongeza, inaitwa Bonde Lililofichwa. Unalipia, inashuka kwa intaneti, gemu la zamani linaota nchi mpya ubavuni. Kama nyumba inavyoongezwa chumba mtoto akizaliwa. Mtaa mzima hakuna aliye nayo.

Nitachukua pesa ya mtungi wa gesi. Mkaa nao ni moto.

Jumanne, 3 Machi

Nimelipa. Nilibonyeza polepole, kama siku ya kusaini cheti cha ndoa.

Kisha bando. Hakuna aliyeniambia kwamba bonde lina uzito! Bando la mwezi mzima limemezwa kabla ya adhuhuri, halafu mashine ikagoma. Nafasi imejaa, futa kitu.

Nikafikiri kama mama mwenye nyumba. Nyumba ikijaa, anatoka anayekula sana na kupiga kelele. Nikakagua. Mpira ndio ulikuwa umelala kitanda kizima. Tena ndio unaoleta ugomvi, watu wazima wanatukanana kwa ajili ya penalti na mtoto anashtuka usingizini. Nikaufuta. Roho kwatu. Bonde likaingia, likajilaza raha mustarehe.

Kinyozi akaja na waya wake wa chaja. Yeye Kiingereza anakijua, kwa hiyo nikataka ajue pia habari njema. Akauliza hilo bonde lilikuwa wapi siku waliyotuuzia gemu. Nikasema lilikuwa bado. Akasema halikuwa bado, lilikuwa limefichwa, jina lake lenyewe linakiri. Akasema yeye akimnyoa mtu utosi, apokee hela, kisha amwambie kisogo ni nyongeza, atafukuzwa mtaani na kiti chake kichwani. Hawa wenye gemu wakifanya hivyo hivyo, sisi tunauliza kisogo kinatoka lini.

Nikamwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake.

"Kweli, shemeji," akasema. "Ila zako kuna mtu kazipitishia mashine."

Wivu tu. Nimeandika kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni: BONDE LIMEFUNGULIWA, NJOO UWE WA KWANZA. Bonge kajipaka chaki mashavuni. Mzuri mpaka nikashindwa kumfuta.

Jumatano, 4 Machi

Wamekuja! Vijana wa gereji, na ovaroli zao, na grisi yao, na hela yao mkononi. Mabenchi yote mawili. Nikawaza, Jumamosi nini, Baba Bonge aje hata leo!

Mkubwa wao akashika rimoti. Farasi akatimua mbio mpaka mwisho wa ramani. Kweli pale palikuwa na lango jipya, zuri, lenye nakshi. Na mbele ya lango, mlinzi na mkuki wake. Mlinzi akasema maneno mengi. Nikamwita kinyozi aje atafsiri. Akaja na mkasi mkononi, akasoma, akasoma tena, akanitazama kama daktari anayetafuta pa kuanzia. Mlinzi anasema bondeni haingii mtu ambaye hajamuua mfalme. Yaani kwanza umalize gemu lote la zamani.

Hapa kwangu hajawahi kumaliza mtu. Wanalipia nusu saa. Kila mmoja anaanza mwanzo, anaua mbwa mwitu wake, anarudi kazini. Mfalme hata sura yake hatuijui.

Mkubwa wa gereji akasema haina neno, weka mpira. Nikasema mpira umesafiri. Akauliza unarudi lini. Ningejuaje? Aliyeuweka kwenye mashine alishahama mji, na kuununua upya sina hela wala bando. Nikawarudishia chao. Wakatoka wakisoma ubao wangu kwa sauti, neno moja moja, kama watoto wa chekechea.

Nimenunua chumba, funguo wamebaki nazo wao. Na mpira, uliokuwa ukiniletea ugomvi, kumbe ndio ulikuwa ukiniletea watu.

Nimemwambia Bonge tusikate tamaa. Kacheua.

Alhamisi, 5 Machi

Mpango mpya. Mfalme nitamuua mwenyewe.

Nimekaa na rimoti tangu asubuhi, Bonge mgongoni. Nimeliwa na mbwa mwitu. Nimezama mtoni. Nimeanguka kwenye farasi, nikapanda, farasi kanitupa kwa makusudi, naapa. Bonge alichoka kuona mama yake akifa, akaninyang'anya rimoti, akaitia mdomoni, akaitafuna, na mbwa mwitu akafa! Nimempigia simu mama yangu kumweleza. Huyu mtoto atafika mbali. Nimerudi jikoni, sufuria imeungua juu ya mkaa mpaka imekuwa mkaa yenyewe.

Alasiri kaja wifi na futi ya kupimia. Hakuficha hata kidogo. Kapanda kwenye benchi langu na viatu vyake, kapima ukuta juu ya runinga, kaandika kiganjani. Kisha kageuka, akaniona ninavyokufa. Alicheka mpaka ikabidi akae.

"Wifi yangu," akasema, "hata farasi wa uongo hakutaki?"

Akachukua rimoti anionyeshe. Sasa, wifi ni msusi. Vile vidole vyake vinaweza kusuka kichwa kizima huku mdomo wake ukisema watu wa mitaa mitatu. Kaua mbwa mwitu. Kavuka mto. Kakutana na majambazi, akaanza kuwasema kama anavyonisema mimi. Mmoja kamwambia kavaa kama pazia la jikoni la mwanamke mvivu. Kisha kamkata.

Nikasimama pale na mtoto, na wazo likaniingia, tamu kama usingizi wa asubuhi. Kwa nini nimuue mfalme mimi? Amuue wifi! Afungue lango kwa jasho lake, Jumamosi watu wajae bondeni, Baba Bonge awaone, chumba kiwe changu. Adui anichimbie kisima nami ninywe.

Nikamsifia mikono. Nikamletea chai. Nikamwambia si kila mtu amejaliwa. Wifi na sifa ni kama inzi na kidonda. Kaniambia kesho atapita kidogo.

Ijumaa, 6 Machi

Kapita kidogo kuanzia nilipofungua mlango.

Mteja wake kamfuata huku huku, kichwa upande mmoja kimesukwa, upande mwingine kimesimama kama kimeona chui. Wifi kamwambia akae, anamalizia jambazi mmoja tu. Mteja kakaa. Baada ya majambazi kadhaa akaacha kuuliza habari za nywele, akaanza kuonyesha kwa kidole wale waliojificha nyuma ya miti.

Mdomo wa wifi unasikika barabarani. Watu wakachungulia kwanza, kisha wakaingia. Vijana wa gereji wakarudi, wakasimama ukutani. Wifi anamwambia askari wa mfalme kwamba mshahara wake haujamfikisha hata kwenye viatu. Anamwambia mfalme mwenyewe, sura ya kumtisha mtu unayo, sababu ya kutishwa ndiyo sijaiona. Watu hoi. Kinyozi kamwacha mteja na povu mashavuni.

Nilitaka kuwatoza hela ya kutazama, lakini nikaogopa wasije wakatoka. Jumamosi ndiyo mavuno, Ijumaa mtu anapalilia.

Mfalme kaanguka alasiri. Chumba kizima kilipiga kelele, Bonge akalia, nikambembeleza huku nacheka. Pochi ilikuwa tupu, lakini furaha haijui pochi. Sikujali kwamba wanampongeza yeye. Jikoni nilicheza na mwanangu peke yetu, taratibu, shavu kwa shavu. Nikamnong'oneza kwamba shangazi yake kafungua mlango atakaofungiwa nje.

Jumamosi, 7 Machi

Nimevaa gauni la kitambaa kizuri. Bonge kaoga. Mabenchi nimeyafuta. Watu walikuwa wamekuja kabla yangu.

Wifi kafika mbele ya lango. Mlinzi kampigia saluti. Bonde Lililofichwa, jamani, lilifunguka mbele ya macho yetu! Miti. Mto. Majambazi.

Kinyozi kauliza kama hii si ile miti ya upande wa pili. Nikamwambia hii inaegemea kushoto. Kauliza kama majambazi nao si wale wale. Nikamwambia hawa wana vilemba vyekundu. Akainama, akachomeka chaja yake.

Uji wa Bonge ulikuwa haujapoa, bonde likaisha. Wifi kafika mwisho, kuna sanduku la dhahabu, likafunguka kwa muziki. Ndani kofia. Kofia ya farasi.

Farasi akaivaa. Ilimkaa vizuri, siwezi kusema uongo. Nikamtazama mwanangu, anayetembezwa juani kichwa wazi, na mtungi wa gesi uliolala jikoni mtupu, na farasi yule wa kwenye kioo akitingisha kofia mpya. Nikaanza hesabu ya gesi. Nikaiacha. Haikuwa siku yake.

Maana watu walianza kuinuka! Onyesho limekwisha, na lori la Baba Bonge lilikuwa limeshapiga honi kona ya juu. Nikawaomba wakae. Nikasema kuna chai, nikasema kuna bonde jingine ndani ya bonde. Hakuna aliyerudi kukaa. Ndipo wifi akasema, basi ngoja nirudi kwa mfalme na hii kofia, nimwonyeshe watu wanavyovaa. Wote wakakaa kama wamevutwa na kamba moja.

Baba Bonge kaingia katikati ya kicheko. Mabenchi yamejaa, ukutani watu, mlangoni watu. Kamchukua mwanawe, kambusu, kang'aa uso. Nikapanga sentensi yangu. Nilikuwa nimeianza tangu Jumatatu.

"Nani kawaleta watu wote hawa?" akauliza.

Nikafungua mdomo. Kinyozi akawahi.

"Dada yako huyu, kaka," akasema. "Kabla yake tulikuwa mimi na chaja yangu."

Alisema kwa nia njema, ndiyo maana siwezi hata kumchukia. Vijana wa gereji wakaitikia. Yule mteja wa kichwa nusu akaitikia kuliko wote. Baba Bonge kampa dada yake mkono kama amefaulu mtihani. Kasema ahadi ni ahadi, chumba ni cha mwenye watu. Wifi ataweka saluni, runinga itabaki pale pale, watu watasukwa huku wakitazama. Na mimi nisiwe na wasiwasi, familia ni moja: nitaosha vitana na kukaa na rimoti akiwa na mteja.

Nikasema asante. Mdomo ulisema wenyewe.

Wifi kanikumbatia. Tena kwa dhati. Kaninong'oneza hajawahi kupata raha hivi tangu aolewe.

Jumapili, 8 Machi

Nimelala, nimeamka, nimeona kosa lilipo.

Wanasema nyongeza hazina thamani ya hela. Kinyozi kasema, Baba Bonge kasema alipoambiwa kuhusu mtungi, kasema kwa kirefu. Mimi nasema ile ilikuwa fupi tu. Ingekuwa ndefu, wifi angekuwa bado yuko bondeni, hana habari na saluni wala ukuta. Dawa si kuacha. Dawa ni kuongeza.

Na asubuhi hii nilipowasha mashine nifute vumbi, nini nikaona? Kifurushi! Nyongeza zote za mwaka mzima, unalipa mara moja. Bonde la pili, milima, kisiwa, na ngao ya farasi. Kinyozi kanisomea kwamba bado hazijatengenezwa hata moja, zimeandikwa zinakuja hivi karibuni. Kwangu huo ndio uzuri wake: kitu ambacho hakijatengenezwa, nani ameshakiona akasema ni kifupi? Wifi ataingia humo asitoke. Wateja wa kusuka watachoka kungoja. Chumba kitanirudia chenyewe, kama paka.

Hela imepatikana. Wifi, sasa tumekuwa kitu kimoja, kanipa nikamlipie seremala viti vya saluni. Nilipita kwa seremala, nikamsalimia.

Bonge kapata jino. La chini, dogo kama punje ya mchele. Nililia kidogo kwa furaha.

Jioni wifi kauliza viti vinakuja lini. Nikatazama kioo cha runinga, nikamsomea nilichoona pale. Nikamwambia vimeshalipiwa, vinakuja hivi karibuni.