Shikamoo Zinazokwamisha Mtambo wa Ghalani

Kijiji cha Ujamaa,
karibu na Mungaa, Singida.
9 Februari 1974

Ndugu Mwenyekiti Antipasi,

Shikamoo. Natumaini mtama wako umeota vizuri.

YAH: SHIKAMOO KUKWAMISHA MTAMBO WA HESABU

Ulitamka mkutanoni kwamba nisipotoa orodha ya zamu za kuchunga ng'ombe wa kijiji ifikapo Jumatatu, nitakabidhiwa jembe, na ghala nililoligeuza chumba cha mtambo litarudishiwa magunia. Nauheshimu uamuzi huo, ila naubishia.

Kama nilivyoeleza kwa saa mbili, chuoni nilijifunza lugha ndogo ya kompyuta, yenye amri kumi na moja tu. Lugha hiyo haiendi bila mkalimani, yaani programu inayosoma amri moja, kuitimiza, kisha kusoma inayofuata. Kompyuta hatuna, watu tunao. Hivyo nimemhamishia mkalimani huyo kichwani mwa mdogo wangu Kefa. Amri nimeziandika kwa chaki ukutani, nje. Namba ni punje za mahindi katika vibuyu vya Martha, mtunza ghala, ndani. Ulaya hawajathubutu.

Malalamiko yangu:

1. Kila mtambo una utaratibu unaouendesha. Wa kwetu ni adabu za Kinyaturu, ambazo kitabu changu hakikuzitaja. Mlangoni mwa ghala hukaa Mzee Mughwai akisokota kamba, na kila Kefa apitapo, sharti amwamkie.

2. Mzee haishii kwenye marahaba. Huuliza, "Mama yako hajambo? Na yule ndama?" Kefa akimaliza habari za ndama, namba aliyoibeba kichwani imekwisha kuchanganyika na umri wa ndama. Juzi Bonifasi alipangiwa kuchunga siku mia tano mfululizo. Alikuja na fimbo.

3. Amri ya saba humrudisha Kefa kwenye amri ya tatu, mara moja kwa kila kaya. Kaya ni sitini na mbili. Ilipofika shikamoo ya ishirini, Mzee alisema, "Wee kijana, unanichezea?" Martha alicheka hadi akamwaga kibuyu.

4. Nilimwomba Mzee ahamie juani. Aliendelea kusokota kamba.

Kwa hiyo naomba shikamoo isimamishwe ghalani kuanzia saa mbili hadi saa nane, na wazee wahesabiwe kuwa wameamkiwa kwa jumla kila Jumatatu. Isipotosha, wazee wote wapelekwe kijiji cha Issuna saa za kazi, kwa heshima zote. Issuna wakikataa, wazee wabaki, tuhame sisi wengine.

Nisalimie Mama Anastazia, watoto, majirani, na Bonifasi pia, kama ameiweka chini fimbo.

Mtiifu wako hadi Jumatatu,
Laurian Gasto
Mhitimu wa Chuo Kikuu (Hisabati)

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Mzee Mughwai amekubali mwenyewe asiamkiwe leo. Mtambo umekwenda bila kosa hata moja, na kabla ya chakula cha mchana Kefa ametoka na orodha kamili mkononi. Lakini amenipita mimi, kaka yake niliyemtangulia kwa miaka saba, tena msomi, bila shikamoo! Nimeichana orodha na kumrudisha kwenye amri ya kwanza. Jembe nitalifuata mwenyewe.