Nzi wa Bucha la Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Mimi nimezaliwa na bahati. Hata nikianguka, naangukia godoro! Leo shemeji, mwenye bucha, kaniita na uso wa msiba. Bwana afya kampa hadi Ijumaa: akikuta nzi tena, anafunga. Dada yangu analia, watoto watakula nini? Nikawaambia watulie, mjuzi nipo. Nikatwanga vitunguu saumu, nikachanganya na mafuta ya karafuu, nikalowesha matambara, nikayaning'iniza kando ya nyama. Nzi wakatimka! Wote wakahamia kwa muuza samaki wa ng'ambo ya barabara. Kaniita mchawi. Nikampungia mkono.

Jumanne, 5 Machi
Shemeji ananiita daktari. Mimi, niliyeishia darasa la saba! Dada kasema matambara tuyatoe, tuyarudishe nzi wanapozidi tu. Nikacheka. Dawa haina likizo.

Jumatano, 6 Machi
Nzi mmoja katua juu ya tambara. JUU YAKE! Akasugua mikono kama mtu anayesubiri sahani. Nikadhani ni mgonjwa. Mchana ukoo mzima ukafika. Nikaongeza vitunguu maradufu. Waliokimbia ni wateja.

Alhamisi, 7 Machi
Muuza samaki kavuka barabara makusudi kuniuliza eti nani anaoa, mbona nzi wote wamealikwa kwetu. Kwake wamebaki wawili, tena wazee! Sikulala kwa hasira. Nimejua kosa: tambara halina miguu. Kesho dawa itatembea.

Ijumaa, 8 Machi
Loo! Nimejipaka dawa utosini hadi unyayoni, nikasimama mlangoni kama askari. Nzi wakaacha nyama wakanivaa kama shati! Puani, masikioni! Dada akapiga kelele: kimbia, kaka, bwana afya yule anakuja! Nikatoka mbio hadi uwanjani, wingu zima nyuma yangu. Bwana afya kaingia buchani, hakukuta nzi hata wa kusingizia. Kamsifu shemeji kwa usafi!

Jumamosi, 9 Machi
Bwana afya kanikuta bombani najisugua. Nikamsimulia yote, kacheka mpaka kakaa chini. Eti nimewazoesha mwenyewe: harufu iliwatisha mwanzoni, ikakaa nao kutwa kucha, wakaizoea, kisha wakajua panaponuka hivyo pana nyama. Na nzi hana pua! Ananusa kwa vipembe vya kichwani!

Nikamshukuru, nikaenda kununua vitunguu saumu. Mwenye mgahawa analia na mende. Kesho namning'inizia matambara kila kona, usiku na mchana, bila kutoa. Ila ile bahati niliyojisifia Jumatatu ni uongo. Bahati sina hata chembe. Yote haya ni akili yangu.